Kuhama ni jambo moja, kukabidhi ofisi ni jingine

SWALI: Mimi ni afisa utawala wa kampuni yenye watu 22. Tumepanga ghorofa moja kwa miaka 9 na mkataba unaisha baada ya miezi 3. Hatutauhuisha. Bosi anaona wikendi moja na malori mawili yanatosha, lakini wakala wa mwenye jengo ametuletea barua fupi: "Mturudishie ofisi kama mlivyoipokea." Tulijenga kuta za jipsamu, tukaweka chumba cha seva chenye kiyoyozi chake, na mafaili tunayo chungu nzima. Nianzie wapi, na ni kitu gani kinaweza kutukosesha amana yetu? Dada wa Utawala

JIBU: Dada, miezi 3 inatosha kabisa kwa ghorofa moja, kwa hiyo hilo lisikunyime usingizi. Wikendi moja haitoshi, hata mkiwa na malori kumi.

Bosi wako anahesabu kuhama, na barua ya wakala inazungumzia kukabidhi. Kuhama ni kutoa vitu vyenu. Kukabidhi ni kumrudishia mtu mali yake ikiwa tupu, ikiwa katika hali mliyokubaliana, funguo zote zikiwa mezani na hati ikiwa imesainiwa na pande zote mbili. Katikati ya hayo kuna wiki kadhaa za mafundi, na fundi hawezi kubomoa ukuta huku mhasibu amekaa upande wa pili anafunga hesabu za mwezi. Kwa hiyo tarehe ya mwisho ya mkataba usiiandike kwenye kalenda kama siku ya kuhama. Iandike kama siku ambayo rangi imeshakauka na wewe umesimama mlangoni unamsubiri wakala. Ukirudi nyuma kutoka hapo, utaona kwamba watu wenu wanatakiwa kuwa wametoka wiki 3 kabla, na zikiwa 4 ni bora zaidi.

Anza na mkataba, na uusome leo. Tafuta kifungu cha namna ya kurudisha ofisi, kifungu cha mabadiliko ambayo mpangaji anaruhusiwa kufanya, na kile kinachoeleza kitakachotokea mkichelewa kutoka. Hicho cha mwisho watu hukiruka. Kuna mikataba inayotoza pango la juu kuliko la kawaida kwa kila siku mtakayokaa baada ya tarehe, na iko inayosema kwamba mkiacha vitu vyenu ndani mnahesabika hamjatoka. Halafu toa kabrasha la barua za zamani. Mlipojenga zile kuta mliomba ruhusa, au mlitakiwa kuomba. Barua ya ruhusa mara nyingi ina sentensi moja mwishoni inayosema kuta zitaondolewa mkataba ukiisha au zitabaki. Sentensi hiyo ina thamani kuliko kikao cha saa mbili na wakala.

Sasa, "kama mlivyoipokea". Mliipokeaje? Kama siku ya kuingia iliandikwa taarifa ya hali ya ofisi, yenye picha na saini, hiyo ndiyo ngao yenu. Kama haikuandikwa, usikate tamaa, tafuta picha zozote za mwaka ule wa kwanza. Nimewahi kumaliza ubishi wa sakafu nzima kwa picha ya siku ya ufunguzi: mkurugenzi ameshika mkasi wa kukata utepe, anacheka, na nyuma ya viatu vyake kapeti inaonekana wazi ina doa kubwa la kahawia karibu na nguzo. Wakala alikuwa amelidai doa lilelile. Waulize wafanyakazi wa zamani, wafungue simu zao na barua pepe za wakati huo. Usiangalie nyuso za watu, angalia kuta, dari na sakafu zilizo nyuma yao.

Jambo jingine ni uchakavu wa kawaida. Mikataba mingi humsamehe mpangaji uchakavu unaotokana na matumizi ya kawaida, ila si yote, kwa hiyo hakikisha wenu unasema nini. Kapeti iliyofifia kwenye njia wanayopita watu ni uchakavu. Kapeti iliyoungua kwa sababu mtu aliweka birika chini ni uharibifu. Rangi iliyopauka kwa jua ni uchakavu, lakini ukuta wenye matundu 40 ya skrubu za rafu mtaulipia. Iko pia mikataba inayomtaka mpangaji apake rangi upya mwishoni hata kama ukuta hauna kasoro, na hapo hakuna cha kubishana. Sheria nazo zinatofautiana kati ya nchi na nchi. Uingereza, kwa mfano, ina sheria ya mwaka 1927 inayomzuia mwenye jengo kudai kwa ukarabati fedha zinazozidi kile thamani ya mali yake ilichopungua, na inamzuia kabisa kudai kama jengo lenyewe linakwenda kubomolewa. Lipieni saa moja ya mwanasheria wa kwenu. Kwa mkataba wa miaka 9, gharama hiyo si hasara.

Kabla fundi hajagusa ukuta, mwandikie wakala barua. Mwombe aje mkague pamoja sasa hivi, asisubiri wiki ya mwisho, kisha mwombe aseme kwa maandishi kipi kiondolewe na kipi kibaki, ukuta kwa ukuta. Nasisitiza maandishi kwa sababu ya hasara ya pande mbili. Nimeona mpangaji akibomoa vyumba vizuri sana kwa gharama kubwa, kumbe mpangaji mpya alikuwa ameshasema anavitaka. Nimeona pia waliong'oa makabati ya jikoni wakidhani ni yao kwa kuwa waliyanunua wao, wakaambiwa kilichofungwa kwenye jengo kimekuwa cha jengo, wakalipa mara ya pili. Muulize pia kama yuko tayari kupokea fedha badala ya kazi. Wenye majengo wengi hupenda hivyo, hasa wakiwa na mpango wa kukarabati. Ila usikubali kiasi chochote kabla hujawa na makadirio ya mafundi wawili wako mwenyewe, kwa kipimo kilekile cha kazi.

Nikujibu sasa kuhusu amana. Nimeshiriki makabidhiano mengi, na ni mara chache sana nimeona amana ikiliwa na meza au makabati. Hukatwa kwa vitu vilivyo juu ya dari na chini ya kapeti, mahali ambapo hakuna aliyetazama kwa miaka.

Chukua ngazi, inua kigae kimoja cha dari juu ya kabati la seva, uingize tochi. Utakuta furushi la nyaya nene kama paja, limelala moja kwa moja juu ya vigae badala ya kufungwa kwenye mhimili wake. Mikataba mingi humtaka mpangaji aondoe nyaya zake zote za mtandao na simu, na sababu si usafi tu. Nyaya zilizoachwa ni chakula cha moto, na maganda yake yakiungua hutoa moshi mbaya. Nchini Marekani kanuni ya taifa ya umeme, tangu toleo la 2002, inataka nyaya za mawasiliano zilizoachwa bila matumizi na zinazofikika ziondolewe. Tatizo ni kwamba si zote ni zenu. Siku moja nilisimama chini ya dari kama hiyo, fundi yuko juu anavuta. Zikaja za buluu, ambazo tulizifahamu. Chini yake zikaja za kijivu, na chini ya hizo nyingine nyeusi, ngumu, zenye vumbi la miaka, zikielekea kwenye soketi ambazo hazikuwepo tena. Zilikuwa nyaya za wapangaji watatu. Aliyelipia kuzitoa zote ni wa mwisho, kwa kuwa hakuwa na picha hata moja ya dari siku aliyoingia. Kwa hiyo kwenye ofisi yenu mpya, inua kigae na upige picha kabla ya kuingiza kiti cha kwanza.

Nyaya zisikatwe kwa kubahatisha. Humo humo juu zimepita nyaya za king'ora cha moto, za taa za dharura na za ghorofa nyingine. Fundi wa mtandao apite kwanza na utepe wa rangi, afunge kila waya wenu kwenye ncha zote mbili, na msimamizi wa jengo athibitishe. Kinachobaki bila utepe hakiguswi.

Kuta za jipsamu nazo zina mkia mrefu. Mlipozijenga, bila shaka vitambua moshi, taa na vinyunyizio vya kuzimia moto vilihamishwa ili kila chumba kiwe na chake. Kuta zikitoka, vyote hivyo vinatakiwa virudi mahali pake, na majengo mengi hayaruhusu fundi wa nje kugusa mfumo wa moto. Lazima awe fundi wa jengo, na fundi wa jengo ana foleni yake. Mwiteni wiki hii. Kati ya kazi zote, hii ndiyo nimeiona ikichelewesha makabidhiano mara nyingi zaidi.

Ukuta ukitoka unaacha kovu: mstari usio na kapeti sakafuni, vigae vya dari vilivyokatwa nusu, rangi mbili tofauti. Kapeti za vipande za miaka 9 iliyopita huenda hazitengenezwi tena, na kipande kipya katikati ya vilivyofifia kinaonekana kutoka mlangoni. Mafundi wazoefu hutoa vipande vilivyokuwa chini ya makabati na kuviweka kwenye makovu, kisha vipya vinawekwa pembeni ambako havisumbui macho. Nayo gundi ya zamani ikwanguliwe, kwa sababu kipande kinachoyumba mguuni ndicho wakala atakachokikanyaga kwanza. Kama jengo ni la zamani, msitoboe wala kuvunja dari au vigae vya sakafu kabla mwenye jengo hajawapa taarifa kuhusu asbesto, yaani yale madini ya nyuzinyuzi yaliyochanganywa kwenye vifaa vya ujenzi vya zamani. Haidhuru ikiwa imetulia mahali pake. Hudhuru ikivunjwa na vumbi lake kuvutwa na mapafu, na hapo hatuzungumzii tena amana bali afya ya watu.

Kiyoyozi cha chumba cha seva kisifunguliwe kwa spana na gesi ikaachiwa hewani. Fundi aliyesomea kazi hiyo anainyonya na kuihifadhi kwenye mtungi. Mashine za zamani zina gesi ya R-22, ambayo inakula tabaka la ozoni na iko chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, mkataba wa kimataifa wa kulinda ozoni. Iliyofuata, R-410A, haiharibu ozoni, lakini kilo moja yake hupasha joto dunia sawa na takribani kilo 2,000 za hewa ya ukaa. Baada ya hapo bomba litoke, tundu la ukuta wa nje lizibwe, na mfereji wa maji ya kiyoyozi uzibwe pia, la sivyo mvua ya kwanza itaingia kwenye ofisi iliyo tupu huku jina lililo kwenye mkataba bado ni lenu. Betri za ile mashine ya akiba ya umeme chini ya seva kwa kawaida ni za madini ya risasi na tindikali, nzito kuliko zinavyoonekana. Vichwa vyake vifunikwe kwa utepe kabla ya kubebwa. Hizo, pamoja na taa ndefu za mirija ya fluoresenti ambazo zina zebaki, haziingii kwenye takataka za kawaida.

Nikae kidogo kwenye diski, maana hapa hasara si ya amana. Kompyuta mtakazouza au kutoa msaada zimebeba mishahara ya watu, mikataba ya wateja na nakala za vitambulisho. Kufuta faili hakuliondoi, na kufomati kwa haraka kunaondoa faharisi tu, yaliyoandikwa yanabaki. Kwa diski ya zamani yenye sahani inayozunguka, kuiandika upya yote mara moja kwa programu ya kazi hiyo kunatosha, na ndivyo unavyosema mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, unaofuatwa na wengi. Diski mpya zisizo na sahani ni habari nyingine. Zenyewe huhamishahamisha data ndani ili zisichakae upande mmoja, kwa hiyo kuandika juu yake kunaweza kuacha vipande. Zitumieni amri ya kufuta iliyo ndani ya diski yenyewe, au kama data yake ilikuwa imefungwa kwa usimbaji, yaani imegeuzwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo wa siri, haribuni ufunguo huo. Zilizokufa zisagwe. Tundu moja la drili linaweza kupita katikati ya chipu mbili bila kugusa hata moja.

Ipo mashine ambayo karibu kila ofisi huisahau, nayo ni fotokopi. Nyingi zina diski ndani, na inaweza kuwa imehifadhi kurasa zilizopita pale. Kama mliikodi, mwenyewe atakuja na toroli aichukue asubuhi, na miaka 9 ya karatasi zenu itashuka naye kwenye lifti. Mtakeni kwa maandishi afute diski mbele yenu au awaachie. Ukimaliza hiyo tazama kinasa picha za kamera za ulinzi, ruta, simu za mezani, na kompyuta ndogo inayoendesha kadi za mlangoni. Andika namba ya kila diski, na watu wawili watie saini kwamba imefutwa.

Usishawishike na mtu wa lori anayesema atachukua vifaa chakavu vyote bure. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 inasema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu inayojulikana kuwa ilikusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Tafuta mrejelezaji mwenye kibali, na akupe hati yenye orodha ya alichochukua.

Mafaili yaanze kesho, kwa sababu yanahitaji akili za watu wenu, na akili hizo wiki ya mwisho zitakuwa zimechoka. Kila kabati lipewe mtu mmoja kwa jina. Kuna karatasi ambazo sheria inataka zitunzwe kwa miaka maalumu, kama za kodi, ajira na mikataba. Kuna za wateja ambazo zirudi kwa wenyewe. Zilizobaki zisagwe, si kutupwa. Makabati yenyewe yasishuke kabla kila droo haijatolewa yote nje na mkono kupitishwa nyuma yake. Karatasi hupanda juu ya droo iliyojaa na kuangukia nyuma, na zikakaa pale miaka. Nimewahi kutoa barua ya kuomba kazi yenye nakala ya kitambulisho, imekunjamana kama leso, siku moja kabla ya kabati kuuzwa. Droo iliyopotelewa ufunguo iitiwe fundi wa kufuli, isiuzwe imefungwa.

Samani ni rahisi kuliko zinavyotisha. Pimeni ofisi mpya kwanza, zinazozidi ziuzwe au zitolewe mapema, maana kadiri tarehe inavyokaribia ndivyo mnunuzi anavyojua kwamba hamna ujanja. Kila anayechukua asaini, na kitu hicho kifutwe kwenye kitabu cha mali siku hiyohiyo. Meza kubwa ya mkutano pimeni pamoja na lifti. Yawezekana ilipanda kwa vipande. Lifti ya mizigo wekeni nafasi mapema, na kuta za njia zifunikwe kabla ya kubeba.

Umeme usikatwe mapema, mafundi na wasafishaji wanauhitaji mpaka siku ya mwisho. Mkataba wa intaneti una notisi yake, na mara nyingine ni ndefu kuliko ya pango, kwa hiyo uangalie leo. Bima ibaki hai hadi saini ya makabidhiano, na iarifu kampuni ya bima kwamba ofisi itakuwa tupu kwa wiki kadhaa, kwa sababu baadhi ya bima hupunguza ulinzi jengo likikaa bila watu.

Siku ya kukabidhi nendeni asubuhi, mwanga ukiwa mzuri. Piga picha kila chumba mara mbili, kutoka mlangoni na kutoka kona iliyo mkabala, pamoja na dari, sakafu na mita. Fungua mabomba, washa taa. Usiache kitu hata kama unaona kitamfaa anayekuja: pazia, jokofu dogo, viti viwili vizuri. Wema huo unaweza kuandikwa kwenye taarifa kama vitu vilivyotelekezwa. Hesabu funguo na kadi moja moja mbele ya wakala, kisha msaini hati inayotaja tarehe, saa, idadi ya funguo na kasoro zilizoonekana, kama zipo. Akikataa kusaini, mtumie barua pepe siku hiyohiyo yenye picha zote, umweleze mliyoyakuta na saa aliyopokea funguo.

Baada ya hapo mwandikie kudai amana kwa kutaja kifungu cha mkataba na siku zilizowekwa. Akikata chochote, mtake akupe mchanganuo na ankara za fundi. Taarifa ya mwanzo, picha, barua za wakala na hati ya makabidhiano zikae kwenye kabrasha moja, na kabrasha hilo lisiende kwenye maboksi ya malori ya bosi. Libebe wewe mwenyewe kwenye mkoba wako, na likae nawe mpaka fedha ziingie benki.